Holašovice: viwanja vilevile, watu wengine

Ukiuzunguka uwanja wa kati wa Holašovice, kusini mwa Ucheki, utahesabu nyua 23 za wakulima. Kila ua una nyumba yake, ghala lake, lango lake na bustani kwa nyuma. Majengo yote kwa jumla ni kama 120, na wakazi ni kama 140. Wapangaji wa ghorofa moja la Kariakoo wanaweza kuwazidi. Hata hivyo, mwaka 1998 UNESCO ilikitia kijiji hiki kwenye Urithi wa Dunia, orodha ileile ambayo Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001.

Sifa iliyokiingiza ni kwamba kimehifadhika kwa ukamilifu usio wa kawaida: ramani ya Zama za Kati, na juu yake nyumba za karne ya 18 na 19. Sifa hiyo ni ya kweli, sina ugomvi nayo. Ninachoshuku ni hilo neno kuhifadhika, maana linamfanya msomaji amwone mlinzi mwenye busara aliyekaa pale karne baada ya karne akikataa watu wasibomoe. Ukiifuata historia ya kijiji, mlinzi huyo humwoni. Unachokiona ni kijiji kilichopoteza watu wake mara mbili, mara ya kwanza kwa tauni katika miaka ya 1520 na mara ya pili kwa amri ya serikali baada ya Vita Kuu ya Pili, na kila mara waliokuja nyuma yao wakakuta viwanja vimeshagawanywa. Lugha ilihama kutoka Kicheki kwenda Kijerumani, kisha ikarudi Kicheki. Mipaka ya viwanja ikabaki palepale.

Tuanze na mahali penyewe. Holašovice iko kilomita zipatazo 15 magharibi mwa České Budějovice, mji ambao Wajerumani waliuita Budweis na ambao jina lake limezunguka dunia kwenye chupa za bia. Eneo hilo ni bonde pana, tambarare, kwenye mwinuko wa mita 450 hivi. Ukitazama kusini unaona vilima vya Blanský les, na kilele chake Kleť chenye mita 1,084. Nyuma ya vilima hivyo kuna safu ya milima na misitu ya Šumava, inayokwenda kukutana na Bavaria na Austria.

Udongo wa bonde ni mfinyanzi kwa sehemu kubwa. Hushika maji, na wenyeji wa Bohemia ya Kusini (Bohemia ndiyo sehemu ya magharibi ya Ucheki) walijua kulitumia hilo. Kuanzia Zama za Kati walichimba mabwawa ya samaki mengi mno, makubwa na madogo, hata leo ukiruka juu ya eneo hilo kwa ndege unaona vioo vya maji kila upande. Samaki wanayemfuga zaidi ni karpu. Huvuliwa vuli, bwawa zima likikaushwa, na mkesha wa Krismasi Wacheki wengi humla kama desturi. Udongo uleule, ukichomwa, ulitoa matofali. Kwa hiyo ardhi yenyewe ilikuwa imeshaandaa vitu viwili vinavyompokea mgeni wa Holašovice leo: bwawa katikati ya kijiji na nyumba za matofali kulizunguka.

Jina nalo linaeleweka upesi kwa Mswahili. Kiambishi -ovice, kilichojaa kwenye ramani ya Ucheki, maana yake ni watu au uzao wa fulani. Holašovice ni pa kina Holaš, kama Dar es Salaam tunavyosema Kwa Aziz Ali. Huyo Holaš alikuwa nani, hakuna kumbukumbu iliyomfuata. Wajerumani walipokuja baadaye hawakubuni jina jipya. Walilichukua hilohilo wakalitamka kwa ulimi wao, Hollschowitz.

Kuhusu cheo chake kiutawala, Holašovice hata si kijiji kinachojitegemea. Ni sehemu ya halmashauri ya Jankov, jirani yake. Kwa utaratibu wa Tanzania tungekiita kitongoji.

Umbo la kijiji ndilo kiini cha kisa. Uwanja wa kati una urefu wa mita 210 na upana wa mita 70. Weka viwanja viwili vya mpira, goli la kimoja liguse goli la kingine, umepata ukubwa wake. Ndani yake kuna majani, bwawa, kijumba cha mhunzi, msalaba wa mawe na kanisa dogo. Nyua zimejipanga pembeni zikiutazama uwanja, na kila ua una upande mwembamba mbele na kina kirefu nyuma. Kwanza nyumba, kisha zizi, kisha ghala kubwa la mavuno linalofunga ua kwa nyuma, kisha bustani, na baada ya bustani shamba.

Mpangilio huu ni wa karne ya 13, wakati wafalme, mabwana na watawa wa Bohemia walipokuwa wakifyeka misitu na kupima vijiji vipya. Mwaka 1292 Mfalme Václav wa Pili aliwapa watawa Wasitersiani wa Vyšší Brod kijiji hiki pamoja na vingine. Monasteri hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1259, iko kusini zaidi karibu na mpaka wa Austria, na ilibaki kuwa bwana wa Holašovice hadi 1848. Miaka 556 chini ya mwenye ardhi mmoja. Sipendi kuupamba umwinyi, hata umwinyi wa watawa, lakini katika kisa hiki jambo hilo lina uzito. Mwenye ardhi aliyekaa muda mrefu kiasi hicho, tena asiyekufa wala kugawa mirathi kwa watoto, hana sababu ya kuchora ramani upya. Anachotaka ni idadi ileile ya nyua zinazoleta nafaka na vibarua.

Kisha ikaja tauni. Kati ya 1520 na 1525 ugonjwa ulipita na kukimaliza kijiji. Waliobaki hai wanatajwa kuwa wawili. Katika hali hiyo vijiji vingi vya Ulaya viliachwa, miti ikaota sebuleni, na leo ni wanaakiolojia tu wanaovipata chini ya mashamba. Holašovice haikuachwa kwa sababu monasteri ilikuwa na hesabu zake. Ua usio na mtu ni ua usiolipa. Watawa wakaleta wakulima kutoka Bavaria na Austria, wasemaji wa Kijerumani, wakawaweka kwenye viwanja vya marehemu. Kufikia 1530 watu 17 walikuwa wameshaandikwa kwenye daftari.

Fikiria ulivyokuwa ugeni wao. Hawakuja kuanzisha kijiji. Walikuja kuvaa nguo ya mtu mwingine, mipaka ikiwa imeshapimwa, bwawa limeshachimbwa, hata njia ya ng'ombe imeshakanyagwa na watu ambao lugha yao hawakuijua. Katika kisiwa hicho cha Kijerumani, vijiji vingi jirani vikizungumza Kicheki, waliishi zaidi ya miaka 400. Hesabu ya mwaka 1895 ilionyesha Wajerumani 157 na Wacheki 19.

Kanisa dogo la uwanjani lilijengwa mwaka 1755 kwa heshima ya Yohane wa Nepomuk, padri aliyetupwa kutoka darajani Praha, ndani ya mto Vltava, mwaka 1393. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1729, na katika miaka michache tu sanamu zake zilijaa kwenye madaraja na vijiji vya Bohemia. Uchaguzi huo una mantiki yake. Alikuwa mtu wa huko huko, na wasemaji wa lugha zote mbili walimwomba.

Nyumba tunazozipiga picha leo ni changa kuliko vyote hivyo. Nyingi zilipata sura yake ya sasa katikati ya karne ya 19. Kabla yake, mbao zilitumika sana vijijini, na moto ulikuwa adui wa kila msimu. Bwawa la kijiji lilikuwa la bata na la kufulia, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuzima moto. Sheria za karne ya 18 kuhusu moto ziliwasukuma wakulima waache mbao. Sheria peke yake haikutosha, pesa ilihitajika pia. Mwaka 1781 mfalme Josef wa Pili aliondoa utumwa wa ardhi uliomfunga mkulima asiweze kuhama wala kuoa bila idhini ya bwana. Iliyobaki ilikuwa robota, zile siku za kufanya kazi bure kwenye shamba la bwana, na hiyo ikafutwa mwaka 1848. Ni neno hilohilo ambalo mwandishi mmoja Mcheki alilichukua mwaka 1920 akazaa roboti, tunalolitumia hadi katika Kiswahili. Kila tunapoitaja roboti tunamtaja, bila kujua, mkulima wa Bohemia akilima shamba lisilo lake.

Mkulima alipobaki na siku zake na mavuno yake, alijenga. Tena alijenga kwa kujionyesha. Ukuta wa mbele wa nyumba, unaopanda hadi kwenye pembe ya paa, uliachiwa mafundi lipu. Wakaukunja kingo kama mawimbi, wakaweka nguzo za bandia, maua, mashada, mara nyingi na mwaka wa ujenzi, kisha ukapakwa rangi: haradali, waridi, kijani hafifu, buluu ya maziwa. Wataalamu wanauita mtindo huu Baroko ya wakulima ya Bohemia ya Kusini, kwa jina la Baroko, ule ujenzi wa Ulaya wa karne ya 17 na 18 uliojaa mapambo.

Mjini, Baroko ilikuwa imeshapitwa na wakati kwa vizazi kadhaa. Huku kijijini ndiyo kwanza inang'aa, imechanganywa na mitindo iliyoifuata, na fundi hakujali ipi ilitangulia. Aliona makanisa na monasteri, akachukua alichokipenda. Mimi naipenda Baroko hii kuliko ile ya makanisa makuu. Ile ya mjini inataka uinue shingo na unyamaze. Hii imewekwa usawa wa macho ya jirani, imuumize roho kidogo.

Nyuma ya urembo kuna mashine iliyopangwa vizuri. Ukisimama uwanjani unaona kuta mbili za mbele kwa kila ua: upande mmoja nyumba ya kuishi, upande wa pili ghala la nafaka au makazi ya wazee. Katikati ukuta wenye lango la tao kwa ajili ya mikokoteni, na ubavuni mwa lango mlango mdogo wa watu. Lango likifungwa, ua ni ngome. Nafaka, ng'ombe, kuni, watoto, vyote viko ndani.

Hayo makazi ya wazee Wacheki huyaita výminek, na nadhani ndiyo yanayoeleza kwa nini nyua zimebaki 23. Shamba kwa desturi ya huko halikugawanywa. Lilikwenda kwa mtoto mmoja. Wengine walilipwa fedha, wakaolewa kwenye ua mwingine, wakaenda kuwa vibarua, au wakashika njia ya Vienna kutafuta kazi. Siku mrithi anapokabidhiwa, baba na mama huhamia upande wa pili wa ua, na mkataba huandikwa: magunia kadhaa ya nafaka kwa mwaka, maziwa kiasi hiki, mayai kiasi hiki, kuni, haki ya kupita mlangoni, haki ya kuota moto. Msomaji aliyezoea kwamba mzazi hulishwa kwa radhi na si kwa karatasi anaweza kuona huu ni ubaridi wa moyo. Sioni hivyo. Karatasi ile ilimlinda mama mzee dhidi ya mkwe ambaye hakumchagua. Na ilikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyeyakusudia: kiwanja hakikumegwa, uwanja wa kijiji haukuvamiwa na vibanda vya wadogo zake mrithi, na ua wa baba wa baba ukabaki na upana uleule.

Tukitafuta mlinzi wa ramani ya Holašovice, basi, huyo ndiye aliye karibu zaidi: mwenye ardhi mmoja juu, mrithi mmoja chini. Gharama yake ililipwa na watoto waliozaliwa wa pili na wa tatu, na hao hawaonekani kwenye picha.

Mapigo ya karne ya 20 nitayapitia kwa kasi, maana yanajulikana. Chekoslovakia ilizaliwa 1918 ikiwa na raia zaidi ya milioni 3 wasemao Kijerumani. Hitler aliwatumia kama kisingizio mwaka 1938, akapewa mikoa ya mpakani kwa mkataba wa München. Mwaka uliofuata akaichukua Bohemia iliyobaki. Vita vilipokwisha, serikali ya Chekoslovakia iliyorejea iliwavua Wajerumani uraia na mali, na mkutano wa mataifa yaliyoshinda vita huko Potsdam, Agosti 1945, ukaridhia wahamishwe. Kuanzia Januari 1946 mabehewa yaliondoka kwa utaratibu. Kila mtu aliruhusiwa mzigo wa kilo 30 hadi 50. Kwa jumla watu kama milioni 3 waliondolewa, wale wa miezi ya kwanza kwa ukatili usio na utaratibu wowote.

Wajerumani wa Holašovice walikuwamo. Watu ambao mababu zao waliletwa na watawa kujaza viwanja vya waliokufa kwa tauni, sasa waliacha viwanja hivyohivyo. Ghala na ukuta wenye herufi za jina la babu havibebeki kwenye mzigo wa kilo 50.

Walikuja Wacheki wachache, lakini nyua nyingi zilibaki tupu. Baada ya Wakomunisti kushika dola Februari 1948, mashamba yaliingizwa kwenye ushirika, na ua wa mkulima binafsi ukapoteza kazi yake. Ghala bila mavuno, zizi bila ng'ombe. Lipu ikaanza kumeguka. Mahali pengine hali hii iliishia kwa tingatinga. Karibu na mpaka wa Magharibi, huko Šumava, jeshi lilibomoa vijiji vizima katika miaka ya 1950. Knížecí Pláně ni kimojawapo, na kilichobaki hapo cha kuonekana ni makaburi. Holašovice ilikuwa mbali kidogo na mpaka, ikanusurika na jeshi. Ilikuwa ndogo mno kuweza kuvutia maghorofa ya zege, ikanusurika na maendeleo. Vijiji vilivyokuwa na watu na pesa, katika miaka hiyohiyo, viling'oa madirisha ya zamani, vikapiga lipu ya kijivu juu ya maua, vikajenga nyumba za umbo la boksi. Hapa hapakuwa na mtu wa kufanya hivyo.

Kutelekezwa ndiko kulikokiokoa. Wataalamu wa urithi hawapendi kulisema kwa sauti kubwa, kwa sababu halifundishiki. Huwezi kumshauri waziri aviache vijiji vyake vioze nusu karne ili baadaye vivutie watalii. Vilevile si kanuni: kwa kila Holašovice moja kuna vijiji vingi vya Wajerumani wa zamani ambavyo paa liliporomoka kabla mtu hajarudi.

Baada ya Novemba 1989, ukomunisti ulipoanguka, nyumba zilianza kukarabatiwa na kukaliwa tena. Mwaka 1995 Holašovice ilitangazwa hifadhi ya taifa ya majengo ya kijijini, miaka mitatu kabla ya UNESCO. Tangu hapo mwenye nyumba anayetaka kubadili dirisha, rangi au vigae lazima apate kibali cha wahifadhi kwanza. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa maana ya hilo. Lawama huwa zilezile: nyumba ni yangu, ila ukuta wake ni wa dunia. Mwezi Julai kijiji hufanya sherehe za wakulima, mafundi wa kufinyanga na kusuka hujaza uwanja, na kwa siku chache watu wanaozidi wakazi mara nyingi mno hupita kwenye yale majani.

Moja ya sababu za UNESCO za kukisajili ni kwamba hapa mila mbili za ujenzi ziliyeyuka kuwa mtindo mmoja. Naiona ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote zilizoandikwa kuhusu kijiji hiki, na pia ndiyo inayoficha mengi. Mila haziyeyuki zenyewe. Hapa palikuwa na mpimaji wa karne ya 13 aliyekata viwanja kwa ajili ya wakulima wa Bohemia, na mafundi na wakulima wa karne ya 19, wengi wao wa Kijerumani, waliopandisha kuta juu ya viwanja hivyo. Anayepaka rangi leo ni Mcheki ambaye huenda familia yake haina hata miaka 80 pale. Hakuna kati ya hao anayeweza kusema kijiji ni chake peke yake, na sidhani ni kosa kwamba hakuna.

Kwenye kuta za mbele, chini ya pembe ya paa, miaka ya ujenzi bado inasomeka, namba zake zimechongwa kwenye lipu. Rangi inapofifia hupakwa upya, na fundi hufuata ukingo wa kila namba kwa brashi ndogo asiuharibu.